Mama Pembeni, Aliyezitembeza Ramani kwa Miguu

Ndugu waombolezaji, poleni kwa safari na poleni kwa jua, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu, mwalimu wa darasa la pili, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na tunaomba mtuvumilie, kwa sababu tumeyaandika yote, pamoja na yale tuliyoombwa tuyaruke.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu, baba akiwa fundi wa kuchomelea na mama akiwa mshonaji, na mama alipenda kusema kwamba mtoto huyu alianza kuuliza maswali kabla ya kuota meno, wageni waliokuja kumwona wakawa wanarudi makwao wamechoka.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, katika shule ambayo lango lake lilifungukia moja kwa moja barabara kuu, na mwaka 1971, asubuhi ya muhula wa pili, kaka yetu anayemfuata aligongwa na gari la mkaa palepale langoni, akavunjika mguu, na watu wazima wote, wa nyumbani na wa shuleni, wakamsema mtoto kwa kutotazama kulia na kushoto. Dada, mwenye umri wa miaka kumi, alisimama mbele ya shule nzima na kumwambia mwalimu mkuu kwamba kaka yake amekosea mara moja, lakini lango linakosea kila asubuhi, mbona lenyewe halichapwi. Alichapwa yeye, kwa kuwajibu wakubwa, ila wiki iliyofuata baba na wenzake wa karakana walikuja na mitungi yao ya gesi, wakaling'oa lile lango na kulihamishia upande wa kichochoro, mwalimu mkuu akiwa amekubali shingo upande, na hakuna mtoto mwingine aliyegongwa pale. Kaka yupo hapa leo na fimbo yake, na anasema mguu wake ndio chuo alichosomea dada, kwa hiyo cheti chake cha mipango miji kilikuwa cha wawili.

Alimaliza sekondari mwaka 1979, akajiunga na chuo cha upimaji na mipango miji, msichana peke yake darasani, akahitimu mwaka 1984, na tarehe 3 Septemba mwaka huohuo aliajiriwa katika ofisi ya mipango ya usafiri ya mkoa kama mchoraji wa ramani. Alitusimulia chumba kile mpaka tukakijua kama cha kwetu, meza ndefu ya mbao, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na madirisha yaliyotazama maegesho ya magari, na alisema ndiyo maana ramani zote zilizotoka mle zilikuwa za magari, mtu huchora kile anachokiona. Wahandisi walipoonyesha barabara mpya yeye aliuliza pembeni kuna nini, mama mwenye mtoto mgongoni anapita wapi, asiyeona anajuaje kwamba amefika mwisho wa lami, kile kijiji cha ng'ambo ya mto kisicho na basi hata moja kinapangwa lini, mpaka wakamtania kwa jina la Mama Pembeni, na akikosekana kikaoni walisema leo tutamaliza mapema. Walimpa jina hilo kwa kejeli, naye akalivaa kama kitenge kipya.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na dereva wa malori ya mizigo, shemeji yetu huyu mliyemwona amekaa mbele, na watu walicheka kwamba paka ameolewa na panya. Shemeji hulalamika mpaka leo kwamba ameishi na mke aliyempunguzia mwendo kila penye shule, na dada alimjibu maisha yake yote kwamba alimpunguzia mwendo ili afike. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi, na kijana ambaye amerithi kazi ya babu yake ya kuchomelea, pamoja na wajukuu watano ambao bibi yao aliwafundisha kuvuka barabara kabla hawajajua kuhesabu.

Sasa tunafika pale tulipoombwa turuke. Mwaka 2003, dada akiwa ameshakuwa mkuu wa mipango, kamati ya mkoa ilileta mradi wa kupanua barabara iliyo kati ya hospitali na soko iwe ya njia nne, bila njia ya waendao kwa miguu, bila kituo cha basi mbele ya hospitali, na miti yote ya kivuli ikatwe, na mwenyekiti wa kamati, aliyejulikana kama Mzee wa Lami, alisema maendeleo hayawezi kumsubiri mwenye kikapu. Dada aliomba jambo moja tu, kwamba wajumbe watembee kwa miguu kutoka hospitali hadi sokoni kabla ya kupiga kura, kila mmoja akiwa amebeba kitu kizito, na mmoja wao akisukuma kiti cha magurudumu chenye mtu. Walicheka, wakasema wameshaipita barabara hiyo mara nyingi kwa gari. Dada alikataa kutia sahihi, mradi ukapitishwa bila yeye, na tarehe 1 Julai 2003 alihamishiwa stoo ya alama za barabarani, chumba cha mabati nyuma ya gereji ya serikali, alikokaa miaka mitatu kati ya vibao vilivyopauka.

Ofisi ilituma ujumbe juzi, kwa heshima, ikishauri tuandike kwamba marehemu alihudumu katika idara mbalimbali. Hakuhudumu katika idara mbalimbali, alihudumu stoo, na alipelekwa huko kwa kusema kweli, na waliompeleka baadhi yao wako hai na wengine wako hapa, karibuni, viti vipo.

Lakini stoo haikumnyamazisha, kwa maana kila Jumamosi alitembea barabara ile na wauza mboga, wanafunzi, madereva wa mabasi na watu wenye ulemavu, akimwalika mjumbe mmoja mmoja kwa upole uleule unaotumiwa kwa mtoto mkaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2006, watu wakiwa wamegongwa hovyo kwenye barabara mpya na magazeti yakiwa yameanza kuuliza, kamati ilikubali kutembea, ila ikachagua asubuhi ya Jumapili, wakidhani kwamba kwa kuwa ofisi zimefungwa barabara itakuwa tupu na mambo yataisha haraka. Hawakujua, kwa kuwa hawakuwahi kwenda kwa miguu, kwamba Jumapili ndiyo siku kubwa ya kuwaona wagonjwa, kwamba mji mzima hubeba vyungu na chupa za chai kwenda hospitali, na kwamba magari yakiwa machache ndipo yanapokimbia. Mzee wa Lami alipewa kiti cha magurudumu, ndani yake amekaa fundi viatu mmoja mnene mwenye maneno mengi, wakafika katikati ya barabara wakakwama kwenye ukingo wa zege, magari yakipita kwa kasi mbele na nyuma, na yule fundi akamuuliza kama maendeleo ndiyo haya yanayowapulizia vumbi. Mama mmoja mwenye kikapu, aliyekwama pamoja nao, alimwambia mwenyekiti, baba, hapa hatusubiri magari yaishe, tunasubiri dereva mwenye huruma. Walisimama pale muda mrefu, na dereva mwenye huruma alipopatikana, Mzee wa Lami alivuka akiwa ameloa jasho, akamwendea dada yetu na kumwambia, mwanangu, kumbe watu hufanya hivi kila siku.

Tarehe 18 Mei 2006 kamati ilipitisha kanuni kwamba hakuna barabara ya mkoa itakayopigiwa kura kabla wajumbe hawajaitembea kwa miguu, na dada akarudishwa kwenye meza yake. Kutokana na kanuni hiyo vijiji vya ng'ambo ya mto vilipata basi kabla ya mtaa wa wakubwa kupata lami ya pili, shule zilipata vivuko na matuta, mabasi yalipata njia yao, na miti ilipandwa upya mbele ya hospitali. Alistaafu mwaka 2021, na Mzee wa Lami, ambaye naye ametutangulia, ndiye aliyesoma hotuba ya kumuaga.

Februari 2023 madaktari waligundua kwamba figo zake zimechoka, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, akienda kliniki kwa basi, kwa sababu alisema hawezi kupanga mabasi kwa ajili ya wengine halafu yeye akodi teksi. Mwezi uliopita, akiwa amelazwa wodini, ndugu zetu wa ofisini walimletea habari kwamba mzunguko mkubwa wa magari unaojengwa kwenye barabara ya mchepuko utapewa jina lake, akawashukuru, akauliza mwenda kwa miguu anavukia wapi, wakakiri kwamba kivuko hakimo kwenye mchoro. Wiki mbili baadaye tulisikia kwamba Alhamisi hii inayokuja kamati itapiga kura kuifuta kanuni ya kutembea, ili miradi iende haraka. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, alfajiri, binti yake akiwa amemshika mkono.

Kwa hiyo familia imekaa na kuamua, na tunasema mbele yenu nyote, kwamba jina la dada yetu hatulitoi. Mtu hapewi jina kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kazi yake kwa mkono mwingine. Kanuni ikibaki tutazungumza, kanuni ikifutwa mzunguko huo uitwe jina lolote mtakalopenda, ila si la mtu ambaye asingeweza kuuvuka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo kwa subira yao, majirani waliopika na kufagia na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa meza ndefu na hasa wale wa stoo, na madereva wa mabasi waliosimama mlangoni kwake hata pasipokuwa na kituo, dada aliwagombeza kwa hilo, sisi tunawashukuru.

Pumzika kwa amani, dada, sisi wengine tuna kikao Alhamisi, na tutakwenda kwa miguu.