Rejista za Muzee Valentin

Wapendwa mliofika kulia pamoja nasi, mimi ni Élodie, mtoto wake wa nne, na familia imenituma niwasomee maisha ya papa yetu.

Muzee Valentin Havugimana alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Masisi, kwa wazazi wakulima, akasoma hukohuko hadi kupata diploma ya serikali mwaka 1989. Tarehe 2 Oktoba 1995 aliajiriwa na chuo kikuu cha serikali hapa Goma kutunza rejista za pointi, yaani alama za mitihani ya wanafunzi, kazi aliyoifanya karibu miaka thelathini, katika kampasi ya mjini kwenye sheria na uchumi, ya Ndosho kwenye udaktari, na ya barabara ya Kibati, ambako wa kilimo hupima udongo wa volkano, naye kila Jumamosi alizizunguka zote kwa miguu, rejista kifuani, maana hakukubali kuzipandisha moto, hizi pikipiki za abiria. Wanafunzi walimtania, "Muzee, niongezee pointi moja tu, Mungu atakulipa," naye akijibu, "Mungu hafundishi kozi hii, mwana wangu."

Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na mama Apolline, wakajaliwa watoto watano.

Januari 2025 vita vilipoingia mjini, chuo kilifungwa, na shule yangu ikakatikia mwaka wa nne wa sekondari. Nakala za kampasi mbili zilikuwa nyumbani, lakini rejista ya Kibati ilibaki ofisini, na bila hiyo wanafunzi wa kilimo wasingeweza kuonyesha popote kwamba walisoma. Mama alimkataza papa kuifuata, lakini akaenda, tarehe 11 Februari, akarudi nayo imelowa mvua, na yeye amelowa. Nilimsomea kurasa, akanakili, kisha kifua kikamzidi, akawa anasoma yeye, ninaandika mimi. Alilazwa tarehe 3 Mei, akatuacha Jumatatu tarehe 19, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ndosho waliombeba, na wenzake wa kazi.

Kwa desturi tunasema mwenye dai kwa marehemu aione familia. Wanafunzi wa Kibati, majina kumi na saba yamefutwa na maji, zimebaki pointi tu. Kama jina lako ni mojawapo, uje nyumbani na kadi yako ya mwanafunzi.

Papa, sasa pumzika kwa amani, wakija nitawaandika.