Siku Mama Chebet Alianza Wimbo Bila Kuniuliza

Bwana asifiwe! Asanteni kwa kuitikia kwa nguvu, kwa sababu hii sauti mnayoisikia ilikuwa imepotea kabisa.

Ndugu zangu, mimi ni Achieng. Kwa miaka mingi nimepiga piano na kuimba jazi katika hoteli moja hapa Eldoret. Na nilikuwa na maringo, nisiwadanganye! Mpiga ngoma akichelewa kidogo tu, namkazia macho mpaka atoe jasho. Wote walinifuata mimi.

Siku moja nikafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Wueh! Daktari akaniambia ninyamaze wiki sita. Nikanyamaza. Zilipoisha akanichunguza, akasema koo limepona, nikaimbe. Ndugu zangu, sauti ilikataa! Kuongea naongea, lakini nikijaribu kuimba, koo linafunga. Nikawa najiuliza, kama limepona, ni nani analifunga? Hoteli wakatafuta mwimbaji mwingine. Nililia. Nikaanza kufikiria kuuza piano.

Jumapili moja nikaja hapa kanisani Pioneer, nikakaa kiti cha nyuma. Mpiga kinanda wenu hakuwa amefika, na pasta akauliza nani anaweza kusaidia. Nikaenda. Nikamngoja mama wa kuongoza sifa aniambie anaanzia sauti gani, noti gani kwenye kinanda, vile sisi wanamuziki hufanya. Aniambie wapi! Si mnamjua Mama Chebet? Alifumba macho akaanza tu!

Nikagusa hapa, hayuko. Nikagusa pale, amepita. Huyu mama ako wapi? Nilikuwa nataka sana kujua, mpaka nikasahau koo langu. Nikainamisha kichwa, nikaanza kumfuata kwa mdomo, mm, mm, ili vidole vijue pa kwenda. Ubeti wa pili Mama Chebet akafungua macho, akanigeukia.

"Ngai! Kumbe msichana uko na sauti hivi?"

Hapo ndipo nilipojisikia. Nilikuwa naimba! Nililia tena, lakini sikuacha kupiga.

Nimemuuliza daktari ilikuwaje, akacheka tu. Bado najiuliza. Lakini namshukuru Mungu, na sitachoka kumshukuru! Na wewe uliyefungwa mahali, usingoje kwanza uambiwe wimbo unaanzia wapi. Mwamini, umfuate.

Sasa narudi kwa kinanda. Mama Chebet, simama uanze. Usiniambie ni sauti gani. Nitakutafuta.