Ombi la Dada Mkubwa

Msichana wa chuo alikuwa amefungua kitabu, lakini masikio aliyaacha kwenye kiti cha mbele cha basi. Hapo fundi cherehani alikuwa akimweleza muuguzi mstaafu, mtu waliyejuana naye kwa dakika tano tu, kwamba dada yake ana saratani na anataka daktari amsaidie kufa. Leo dada huyo alitaka jibu: fundi atamsemea kwa daktari, au hapana?

"Mimi sikati kitambaa cha mtu kwa kipimo changu," alisema fundi. "Mwili ni wake, mama."

"Na mkasi atashika nani, mwanangu? Wodini nimekaa miaka thelathini. Wapo walioomba kifo asubuhi, jioni wakaomba chai."

"Dada chai haitaki, na ombi lake ni lile lile miezi minne sasa."

"Maumivu ndiyo yanayoomba. Yatulizeni kwanza."

"Yametulizwa. Anasema amechoka kugeuzwa kama gunia."

Msichana, ambaye hadi hapo alikuwa amekubaliana na kila aliyesema mwisho, alisahau kufunua ukurasa.

"Nani humgeuza?" aliuliza muuguzi.

"Mimi."

"Basi muulize kama amechoka yeye, au anakuonea huruma wewe."

Basi lilisimama langoni mwa hospitali. "Nitamuuliza," alisema fundi, akinyanyuka. "Lakini akisema ni yeye, mama, nitamsemea."

"Akisema ni yeye," alijibu muuguzi, akimpisha, "muulize tena kesho."