Javan Ochola, Aliyekataa Mtihani wa Jumamosi

Wachungaji, wazee wa ukoo, na ninyi nyote mliovuka maji kuja Takawiri, mimi Phelesia Awino, dada mkubwa wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha yake jinsi yalivyokuwa.

Javan alizaliwa tarehe 12 Machi 1946 hapa kisiwani, mtoto wa tatu wa Mzee James Ochola na Mama Jerusha, akaanza shule ya msingi mwaka 1953, kisha akasoma sekondari Homa Bay kuanzia 1961 hadi 1964, akapita vizuri, hesabu akiwa wa kwanza darasani.

Januari 1965 aliingia chuo cha ualimu, ambako kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa mwalimu wa kumshauri achukue masomo gani, na bila sahihi ya mwalimu huyo hawezi kubadilisha hata somo moja. Yeye alipewa Mwalimu Elkanah Odongo wa Uriri, aliyebatizwa katika kanisa letu hili la Wasabato. Ndugu yangu aliomba hesabu na jiografia, akaandikiwa kilimo, ambacho mitihani yake ya shambani ilifanywa Jumamosi asubuhi. Alirudi kwa Mwalimu Odongo kumweleza kwamba hawezi kufanya mtihani siku ya Sabato, na washauri wengine walikuwa wamekwisha kuwahamishia Wasabato wao masomo mengine bila ubishi, lakini Javan alijibiwa mbele ya wenzake, "Wewe kijana wa kuvua omena, Sabato uliiacha ziwani, hapa kuna ratiba." Hakuifanya mitihani hiyo, na Desemba akarudishwa nyumbani, chuo kikitangaza kwamba ameacha masomo kwa hiari yake.

Baadhi yenu mliamini hivyo, mkawa mnamwita Profesa kila alipokwenda kuanika nyavu, mpaka akahama akaenda kuchimba dhahabu Macalder. Tarehe 9 Aprili 1967 alimwoa Jedidah, na tarehe 3 Juni 1968 wakapata binti, Akinyi.

Tarehe 11 Agosti mwaka huu wa 1969 ukuta wa shimo ulimwangukia, akatolewa akiwa hai, akalazwa hospitalini Homa Bay, akatuaga tarehe 19.

Mwalimu Odongo yuko hapa, ameketi safu ya mbele, na jana aliomba kusema machache kwa niaba ya chuo. Familia imekataa. Mdogo wetu Filister ameitwa aanze chuo hicho hicho Januari, naye atakwenda, kwa sababu masomo hayana kosa, lakini ukipewa jina lake umshauri, Mwalimu, lirudishe lilikotoka, apewe mwingine.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wachimbaji wenzake waliofukua udongo kwa mikono, majirani waliopika na kulala nasi nje, na kanisa. Chuo hatukishukuru.

Javan, hukuacha masomo, ulinyimwa. Lala kwa amani, ndugu yangu.