Siku Bwana Tulia Aliposogea

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mpiga picha. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne, katika studio ileile ya chumba kimoja. Wateja tulimwita Bwana Tulia. Hata mimi alinipiga picha ya kitambulisho cha hapa redioni. Dakika kumi na moja, wasikilizaji! "Tulia. Usipumue. Hapohapo, tulia." Nilitoka jasho kama mtu anayehojiwa na polisi.

Yote hayo yalikuwa kwa sababu ya lenzi. Ilikuwa lenzi ya enzi za filamu, ya kuzungusha kwa mkono, na aliifunga kwenye kamera ya dijitali ambayo nayo ilishazeeka. Kamera haikumsaidia kulenga hata kidogo. Alichungulia kwenye kitundu, akazungusha pete ya lenzi polepole mpaka ayapate macho yako. Kisha, kabla ya kubonyeza, aliisogeza tena pete, kiasi cha unene wa ukucha. Kila mara. Sisi tukadhani ni wasiwasi wake tu. Maana wasiwasi alikuwa nao: alifunga studio, akafika barabarani, akarudi kujaribu kitasa.

Mwezi uliopita ugonjwa wa koo ulimnyima sauti. Mikono nayo ikakataa kuandika. Hapo familia ikashtuka. Kuta za nyumba zimejaa picha, na yeye hayumo hata moja. Narudia: hata moja. Siku zote alikuwa nyuma ya kamera.

Binti yake, ambaye ni mshonaji, akachukua simu ampige picha. Mzee akatikisa kichwa. Akaonyesha kamera yake.

"Niliichukua," binti ameniambia. "Miaka yote baba alinibembeleza nijifunze lenzi ile, nami nikawa namcheka. Nikamkalisha karibu na dirisha. Akaniashiria kwa vidole viwili, kidogo, kidogo. Sikumwelewa. Nikazungusha pete mpaka nikaziona kope zake. Nikamwambia, baba, tulia. Akasogea! Akarudi nyuma kidogo, na kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza. Nilimfokea, Mungu anisamehe. Akatabasamu, akachoka, tukamrudisha kitandani."

Picha ikawa hiyo moja. Na kioo cha nyuma cha kamera kilikufa zamani. Huoni kitu mpaka kadi iingie kwenye kompyuta.

Siku tatu baadaye, Bwana Tulia akafariki. Ndugu wakaanza kuuliza: picha ya msibani iko wapi? Binti alikuwa na kadi kwenye mfuko wa aproni. Siku nzima aliipapasa asithubutu kuifungua. "Nilijisemea, ikitoka na ukungu nitawaambia nini wajukuu? Kwamba babu yenu ni hili wingu?" Chakula hakikupita. Usingizi haukuja. Alijua kosa lake, au alidhani analijua: alibonyeza wakati mtu amesogea.

Mwishowe akaipeleka kwa fundi wa kamera, rafiki wa mzee tangu ujana. Mama yake akamsindikiza. Fundi akaingiza kadi. Binti akafumba macho. Akasikia mama yake akisema, "Huyu hapa. Huyu hapa mume wangu."

Wasikilizaji wapendwa, picha ile nimeiona. Kope unazihesabu moja moja.

Fundi alicheka huku analia. "Mwanangu," akamwambia binti, "kamera hii ina kasoro. Ukiyaona macho ya mtu ni safi kwenye kitundu, picha inashika masikio, nyuma ya macho. Nilitaka kuitengeneza, akakataa, akasema wameshazoeana. Ndiyo maana alikuwa akiisogeza pete. Wewe hukujua, naye hakuweza kukwambia. Basi akayasogeza macho yake nyuma, pale yalipokuwa masikio."

Mtu aliyetuambia tulia kwa miaka thelathini na minne, siku yake alisogea. Alisogea ili binti yake apate picha.

Kwa mama, kwa binti, kwa wajukuu na kwa fundi, poleni sana. Sisi hapa redioni tunalia nanyi. Mungu ampumzishe.

Na wewe unayenisikiliza, hebu tazama picha za nyumbani kwako. Nani hayumo? Mkalishe karibu na dirisha leo, wakati anga bado ina mwanga. Na akisogea, usimfokee.