Arobaini Waliosema Ndiyo

Katika treni ya asubuhi, muuguzi mmoja aliyetaka kuacha kazi afungue kibanda cha kahawa alimwonyesha fundi viatu, jirani yake kitini, daftari lake. "Nimewauliza abiria arobaini kama watanunua. Wote wamesema ndiyo."

"Wamekuonea haya, dada. Nani atakukatalia usoni asubuhi asubuhi?"

Mimi, niliyekaa mkabala nao, nikatazama nje. Nilikuwa mmoja wa hao arobaini, na kahawa siigusi.

"Basi wewe usinionee haya. Utanunua?"

"Sinunui. Nakunywa ya mke wangu."

"Ahsante! Wa kwanza kusema kweli." Akaandika. "Na bado nafungua, kaka. Barua ya kuacha kazi naipeleka leo."

"Hawatakuja!"

"Wasipokuja nitawafuata humu humu na birika, tuone nani atachoka."

Treni ikasimama. Alishuka na bahasha mkononi, wala hakugeuka.