Thirza Purvis na Kitwitwi wa Januari 1982

Ndugu, majirani, na ninyi wana-klabu wa kutazama ndege mliokuja na darubini shingoni hata kanisani: marehemu Thirza Purvis aliandika sehemu ya wasifu huu kwa mkono wake, akiwa kitandani, akamwagiza binti yake Hester ausome wote bila kuruka mstari. Hester ndiye anayeusoma. Ipo mistari ambayo angependa sana kuiruka.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Novemba 1946 hapo Craster, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Josiah Rutter, mkaushaji wa samaki kwa moshi, na Bibi Annis. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alianza kutembea kabla ya kujua kukaa. Ulikuwa uongo, lakini waliomfahamu Thirza wanaelewa kwa nini ulisemwa. Hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Vikombe vyake vilikutwa dirishani, kwenye ngazi, bafuni, na kimoja kilikaa juu ya ukuta wa jirani majira mazima ya baridi, kikajaa barafu, kikapasuka.

Alisoma Craster hadi mwaka 1958, kisha akaenda shule ya wasichana mjini Alnwick. Ripoti yake ya mwaka 1961 ipo bado nyumbani, na mwalimu ameandika: "Ana akili, ila muda wote yuko dirishani." Siku ya mtihani wa jiografia aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akarudi baada ya dakika arobaini akiwa na matope hadi magotini. Bata bukini walikuwa wamepita juu ya shule, naye alitaka kujua wametua wapi. Alifeli jiografia.

Kazi yake ilikuwa ya posta. Kuanzia Aprili 1964 hadi alipostaafu mwaka 2006 alisambaza barua Seahouses na mashamba ya jirani, kwa miguu na kwa baiskeli. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba barua imechelewa. Baadhi yenu mlipata barua za watu wengine, hasa siku za baridi, maana alikuwa akitia barua mlangoni huku macho yako baharini.

Alimpata mume kwa njia ambayo watu wa pwani hii wataielewa. Kila Januari, Jumapili moja, tunahesabu ndege. Kila mhesabuji ana kipande chake cha ufukwe, na wote huanza kwa wakati mmoja, maji yakiwa yamejaa na ndege wamebanwa juu ya miamba. Ndege akiruka kwenda kipande cha mwenzako, unaandika saa na upande alioelekea, ili asihesabiwe mara mbili. Januari 1969 Thirza aliwafuata ndege wadogo kumi na tisa, chamchanga, hadi ndani ya kipande cha kijana mmoja, fundi wa kuta za mawe, Lancelot Purvis.

"Dada, hao ni wangu," Lance alimwambia.

"Wametoka kwangu."

"Wametoka, ndiyo. Sasa wako kwangu. Na wewe pia uko kwangu."

Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1970. Wakapewa kipande kimoja, kutoka gati la Seahouses kwenda kaskazini, wakakihesabu pamoja kila Januari. Lance alikaa na darubini kubwa ya miguu mitatu, asisogee hata kidogo. Thirza alizunguka.

Hapa ndipo marehemu mwenyewe alishika kalamu, na Hester anayafuata maelezo yake.

Jumapili tarehe 17 Januari 1982 walikuwa wamelala kifudifudi nyuma ya nyasi, upepo wa kaskazini unakata masikio. Kwenye mwamba alisimama ndege mmoja peke yake, kitwitwi. Vitwitwi wa dhahabu ni wengi kwetu wakati wa baridi, na makwapa yao ni meupe. Yupo ndugu yao wa Marekani anayefanana nao mno, ila kwapa lake ni la kijivu, na wakati huo hakuwa amewahi kuandikwa katika jimbo letu.

"Huyu si wa kwetu," Thirza alisema. "Mwone alivyo mwembamba. Huyu ametoka ng'ambo."

"Subiri anyanyue bawa."

"Nimesubiri."

"Umesubiri dakika tatu, mke wangu. Nimeziangalia kwenye saa."

"Lance, miguu imekufa ganzi! Unataka nigeuke jiwe hapa?"

Akainuka ili asogee karibu. Ndege akaruka moja kwa moja kuelekea juani, akaenda zake. Thirza aliona mgongo, basi.

Jioni ile, mezani kwake, alijaza fomu ya kamati inayothibitisha ndege wageni: "Kwapa: la kijivu. Limeonekana vizuri, mara tatu." Kamati ilipomwandikia Lance kama shahidi, yeye alijibu kwa maneno mawili: "Sikuona kwapa." Hakuna aliyekuwa na picha. Katika kazi hii neno la mtu ndilo kila kitu, na neno la Thirza lilikuwa zito. Kumbukumbu ikakubaliwa, ikachapwa kwenye kitabu cha ndege wa jimbo, ukurasa wa themanini na nane, na mwaka 1984 marehemu akachaguliwa kuwa mwenyekiti wa klabu.

Lance naye alipata jina. Wapo kanisani humu waliosema kwamba siku ile alikuwa amesinzia, wengine wakasema anamwonea mke wake wivu. Wakamwita Lance Hajaona. "Lance, bia yako hiyo hapo mezani. Umeiona?" Watu baa nzima walikufa kwa kicheko. Marehemu alikuwepo mara ya kwanza utani huo ulipotolewa. Ameandika, na Hester anasoma kama ilivyoandikwa: "Na mimi nilicheka."

Kuanzia Januari 1983 Lance hakuhesabu tena. Alisema mgongo unamsumbua, mgongo uleule uliobeba mawe Jumatatu hadi Jumamosi. Marehemu alikwenda peke yake, baadaye na Hester. Miaka ile hakutulia kabisa. Kitabu kile cha ndege alikihamisha kutoka rafu ya sebuleni kwenda chumbani, kutoka chumbani kwenda darini, kisha akakirudisha sebuleni wageni walipouliza kiko wapi. Alipaka rangi mlango wa mbele mara tatu katika mwaka mmoja. Watoto wake walidhani ndivyo mama alivyoumbwa.

Mwezi Oktoba 2023 madaktari waligundua saratani ya kongosho, wakamwambia apumzike. Akawauliza wanataka apumzike namna gani, wamwonyeshe. Hakuwa na nguvu za kwenda popote, na jambo hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Ila Jumapili ya kuhesabu, tarehe 14 Januari 2024, alisema atakwenda hata kwa kutambaa. Hester aliendesha gari. Lance alikuja kwa sababu kiti kilikuwa kizito, au ndivyo alivyosema.

Walimweka marehemu kwenye kiti cha kukunja nyuma ya nyasi zilezile, na mablanketi mawili, chupa ya maji ya moto mapajani, na mkate wa nyama ya nguruwe ambao hakuweza kuula. Walihesabu bata bukini mia mbili na kumi na wawili, na vibisi watatu kwenye maji. Juu ya mwamba walikuwepo vitwitwi wa dhahabu sitini hivi, wamejikunyata, mabawa yamefungwa.

"Nisaidieni nisimame," marehemu alisema.

"Kaa," Lance akamjibu.

"Sioni vizuri."

"Utaona. Kaa, Thirza. Mara hii moja tu, kaa."

Akakaa. Hester alitazama saa: zilipita dakika hamsini na mbili. Mikono ya marehemu ilikuwa ikipapasa blanketi, ikilikunja na kulikunjua, lakini hakuinuka. Hatimaye kitwitwi mmoja alinyoosha mabawa yote mawili juu ya mgongo, akayaacha hapo kidogo, akayafunga.

"Meupe," Lance alisema.

"Meupe." Kisha marehemu akasema, "Yule wa themanini na mbili sikumwona kwapa."

"Najua."

"Hata mara moja, Lance. Niliona mgongo."

"Najua. Nilikuwa pale."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Niliandika sikuona. Ninyi ndio hamkunisadiki." Lance hakutoa jicho kwenye darubini. "Halafu ukacheka. Wale wengine wote niliwasamehe zamani."

Marehemu hakujitetea. Alisema, "Nilicheka," akalia, na Hester akajifanya anafuta vioo vya darubini yake. Baada ya muda Lance aliinama akalichomeka blanketi vizuri miguuni pa mke wake. Hakusema kwamba amemsamehe. Alisema maji yameanza kupwa na wamebakiza kipande kirefu.

Wiki iliyofuata marehemu aliiandikia kamati ifute kumbukumbu yake. Katibu wa klabu, Bwana Godfrey Hoult, alikuja nyumbani na keki mkononi.

"Bi Thirza, ya nini sasa? Kitabu kimechapwa mara mbili. Yule ni wa kwanza wetu. Mwache tu."

"Si wa kwanza wetu, Godfrey. Hatujui ni nani. Mfute."

"Basi nitaiwasilisha barua kwenye kikao."

"Mtaifungia kwenye faili. Nawajua, nilikuwa mwenyekiti wenu. Itasomwa mazishini kwangu. Huko hamtaweza kunikatiza."

Keki aliipokea. Bwana Godfrey naye yupo hapa, na Hester anamshukuru kwa kuja.

Tarehe 20 Februari marehemu alijaza fomu mpya: "Kitwitwi mmoja, aina haijulikani. Kwapa halikuonekana." Chini yake pana nafasi ya shahidi. Lance alivaa miwani, akasoma neno kwa neno, akarudia kusoma tangu mwanzo. Kisha akatia sahihi.

Marehemu alifariki dunia nyumbani, Jumanne tarehe 5 Machi 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Lance alikuwa kando yake, amemshika mkono.

Ameacha watoto wawili, Hester wa hapa Seahouses na Garth wa Halifax, Kanada, wajukuu watatu, na dada yake, Bi Muriel Rutter. Ameacha pia mume wake, Lancelot Purvis, aliyekaa benchi la kwanza upande wa kushoto. Mstari wa mwisho marehemu aliuandika kwa kalamu ya risasi, akapiga mstari chini yake ili Hester asisingizie kwamba hakuuona. Nao ni huu: "Mume wangu alisema kweli, nami nikamwacha achekwe miaka arobaini na miwili. Mkitoka, mpeni mkono, na mwiteni kwa jina lake."

Mwenyezi Mungu ampokee Thirza, naye apumzike kwa amani.